Duara Chini ya Mchanga wa Namib

Pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg ulio karibu na uwanja wa Ellis Park, wanawake wengi wa Kikongo husukwa nywele kwa Mamie, na kila aliyewahi kukaa kwenye kiti chake amesikia habari za mdogo wake, Victoire Nabintu, yule anayetafuta mashimo. Katika mji huu uliojengwa juu ya dhahabu, ukisema unatafuta mashimo watu hufikiria jambo moja tu. Kwa hiyo Mamie alikuwa na kazi ya kueleza.

“Si dhahabu, mama,” alikuwa akisema huku vidole vikiendelea na rasta. “Ni mashimo yenye yalichimbwa na mawe ya kutoka juu kabisa, kule kwenye nyota. Jiwe linaanguka, linaacha shimo. Mudogo yangu njo anayatafuta, kwa kompyuta.”

“Na akiyapata?”

“Akiyapata, ameyapata.”

Jibu hilo halikuwatosha wateja, na kwa kweli halikumtosha Mamie mwenyewe. Lakini hakuwahi kumwambia mdogo wake aache.

Victoire alizaliwa Bukavu, akasomea jiolojia chuoni kwao. Wenzake wengi waliomaliza naye waliingia kwenye biashara ya madini, nani angewalaumu. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua jiwe limetoka wapi na limepatwa na nini mpaka likawa hivyo lilivyo. Vita vilipowafikia tena, Mamie alimwita Johannesburg. Shahada yake ilikaa muda mrefu ikisubiri kutambuliwa na wakubwa wa huku, na muda wote huo Victoire alisuka nywele, akafagia saluni, akajifunza Kiingereza kwa kubishana na madereva wa teksi. Halafu mlango ukafunguka: ofisi moja ya Randburg, inayowatafutia wakulima maji ya chini ya ardhi kwa kutumia picha za setilaiti, ilihitaji mtu anayejua miamba.

Huko ndiko alikokutana na Dismas. Dismas alizaliwa Morogoro. Mama yake ni Mluguru, na baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Tanzania. Familia ilihamia Johannesburg baba aliporudi kwao, na Dismas akakua hapa, ila Kiswahili cha mama hakikumtoka. Alicheka Kiswahili cha Victoire, Victoire akacheka cha kwake, na katika kuchekana huko wakawa kama watu waliozaliwa tumbo moja. Dismas ndiye aliyemfundisha Victoire kusoma picha za rada.

“Kamera ya kawaida inategemea jua,” alimwambia siku ya kwanza. “Rada haimtegemei mtu. Setilaiti inatuma mawimbi yake yenyewe, yanagonga ardhi, yanarudi. Palipo na mawe na mikwaruzo yanarudi mengi, panang’aa. Palipo laini yanateleza kwenda zake, panakuwa peusi. Sasa sikia utamu wake, dada Vicky. Mawimbi yakiwa marefu, na mchanga ukiwa mkavu kabisa, hayaujali mchanga. Yanapita kama haupo, yanagonga mwamba ulio chini, ndiyo yanarudi.”

“Kwa hiyo unaona chini ya jangwa?”

“Si mbali. Kimo cha mtu hivi, mambo yakienda vizuri. Lakini unaona.”

Victoire alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amesahau kula.

Mwaka uliofuata kanisa lao lilifanya matembezi hadi Tswaing, kaskazini mwa Pretoria, kwenye kasoko, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo cha kale, lenye ziwa la chumvi katikati. Waimbaji walipiga picha, wakapanga vyakula, wazee wakatafuta kivuli. Victoire alisimama ukingoni peke yake akitazama ule mviringo mkubwa wa vilima vyenye miti, na kichwani akawa anatazama jiwe likishuka. Alijua kwamba Afrika nzima, pamoja na ukubwa wake wote, makasoko ya vimondo yaliyothibitishwa ni ya kuhesabika. Akajiuliza mengine yako wapi. Na palepale akajijibu: yamefukiwa. Majangwa yameyameza.

Ndivyo alivyojiandikisha kusomea shahada ya pili, akifanya kazi Randburg na kusoma kwa wakati mmoja, chini ya Profesa Tshidi Moagi. Profesa Moagi alikuwa mama mfupi, mwenye sauti nzito na miwani iliyoning’inia kifuani kwa uzi. Alizaliwa katika familia ya wachimbaji wa migodini, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaiigiza nyuma yake.

“Umbo si ushahidi. Dunia imejaa maduara. Volkano huchora duara, chumvi huchora duara, hata maji huchora duara. Mnaoamini maduara, nendeni mkapike chapati. Mimi nileteeni jiwe lililopigwa.”

Victoire alisikia, lakini kusikia na kuelewa ni vitu viwili. Duara lake la kwanza lilikuwa zuri mno. Lilikuwa kwenye ukavu wa kaskazini-magharibi mwa nchi, limekamilika pande zote, na kwenye picha ya rada lilimetameta kama pete. Alisimama mbele ya idara nzima akalieleza kwa moto, akitumia neno “kasoko” pale ambapo angetakiwa kusema “huenda.” Profesa hakumzuia. Alimpa bakki, pikapu ya idara, na nafasi ya kwenda kuona.

Walipofika, yeye na Profesa, hawakuhitaji hata nusu siku. Pete yenyewe ilikuwa ukuta wa mwamba mweusi uliopanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka, ukapoa, ukasimama. Volkano ya kale, basi. Hakuna kilichoanguka pale kutoka popote. Victoire aliugusa mwamba ule, ukiwa wa moto kwa jua, akahisi uso wake nao umewaka. Aliwaza ule ukumbi wa idara, na wale wenzake waliokuwa wamempigia makofi.

Profesa Moagi alikaa kwenye ukingo wa nyuma wa bakki, miguu ikining’inia, akamega kipande cha biltong, nyama iliyokaushwa, akampa.

“Kula.”

“Sina njaa, Profesa.”

“Sikukuuliza njaa. Kula. Mimi duara langu la kwanza lilikuwa bwawa la ng’ombe. Bwawa, Victoire! Lililochimbwa na mkulima kwa trekta. Angalau wewe umepata volkano.”

Victoire alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Lakini aliporudi idarani alikuta mtu ameacha chapati kwenye meza yake. Yule aliyeiacha alidhani ni utani. Kwa miezi mingi baada ya hapo hakufungua picha yoyote ya jangwa. Alifanya kazi za ofisi, akaenda kanisani, akamsaidia Mamie siku za Jumamosi.

Mamie ndiye aliyemwamsha. “Sikiliza, mudogo. Mi ninasuka hii miaka yote. Kichwa kikitoka mubaya, ninafumua, ninaanza tena. Siendi kuuza nyanya.”

“Ni tofauti, yaya,” Victoire alimjibu dada yake.

“Tofauti iko wapi?”

Usiku ule Victoire alifungua kompyuta.

Basi akarudi kwenye picha, safari hii polepole. Dismas alikuwa amekusanya picha za zamani za rada za kusini mwa Namibia, za miaka mingi, ambazo mashirika ya anga yanaziachia bure kwa yeyote anayejua kuzifungua. Wakawa wanazipitia wakati wa chakula cha mchana, sahani kando ya kompyuta. Na mchana mmoja Dismas akaacha kutafuna.

“Njoo uone hapa. Usiseme kitu, ona tu.”

Ilikuwa sehemu ya tambarare, pembeni mwa jangwa la Namib, mbali na vilima vya mchanga vinavyopigwa picha na watalii. Kwenye picha ya kawaida hapakuwa na kitu, mchanga mtupu kama shuka iliyotandikwa. Kwenye picha ya rada kulikuwa na mviringo hafifu, uliokatika upande mmoja, na katikati yake nukta iliyofifia. Victoire hakusema “kasoko.” Alisema, “Tafuta picha nyingine ya palepale.”

Dismas akafungua ya mwaka uliofuata. Hakuna mviringo. Akafungua nyingine. Hakuna. Ya nne, mviringo upo. Ya tano, umepotea.

“Eish,” Dismas akasema, akajiegemeza kitini. “Hitilafu hiyo. Kitu hakiwezi kuwepo na kutokuwepo.”

Profesa Moagi naye, walipompelekea, alisema vivyo hivyo kwa upole. Mashine huchora vitu visivyokuwepo. Yeye mwenyewe ameviona mara nyingi. Aliwashauri wasiendelee. Victoire alikubali kwa mdomo, ila moyoni kitu kilikataa kutulia, kama punje ya mchanga iliyoingia kwenye kiatu.

Jibu lilimjia kazini, katika kazi ya kawaida kabisa. Mkulima mmoja wa Limpopo alikuwa anatafutiwa mahali pa kuchimba kisima, na Victoire alikuwa anafanya kile walichokifanya kila mara: kuzitupa kando picha zote zilizopigwa baada ya mvua. Walizitupa kwa sababu udongo ukiloa, mawimbi ya rada hayapenyi. Yanagonga unyevu wa juu, yanarudi, na kilicho chini kinabaki gizani. Alikuwa amefanya hivyo mamia ya mara bila kuwaza. Safari hii mkono wake ulisimama juu ya kipanya.

“Kaka Dismas!” Aliita kwa nguvu mpaka ofisi nzima ikageuka. “Mvua! Kule Namib, mvua ilinyesha lini?”

Dismas alimtazama, na taratibu uso wake ukafunguka. Alivuta kiti, wakaanza kutafuta rekodi za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu na ile tambarare. Jangwani mvua ni tukio, haifichiki. Wakaweka rekodi upande mmoja na picha upande wa pili. Miaka ya ukame, mviringo upo. Baada ya mvua, haupo. Ukame tena, umerudi. Walipitia zote, na hakuna hata moja iliyokataa.

“Unaelewa maana yake?” Victoire alisema. “Kitu kilichoko juu hakipotei mvua ikinyesha. Hitilafu ya mashine nayo haijui mvua ni nini. Hiki kiko chini, kaka. Kiko chini ya mchanga, na kinaonekana mchanga ukikauka tu.”

“Sharp,” Dismas akasema kwa sauti ndogo, kama wasemavyo vijana wa Johannesburg jambo likikaa sawa, halafu kwa sauti kubwa: “Sharp, sharp, sharp!”

Profesa Moagi aliziangalia zile picha zilizopangwa pamoja na mvua zake. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Victoire hakumwambia kwamba ni kasoko. Alimwambia tu kwamba kuna kitu cha mviringo kilichofukiwa na kwamba angependa kujua ni nini.

“Sasa unaongea kama mwanajiolojia,” Profesa alisema. Akanyanyua simu. “Tunahitaji kibali, majembe, na mtu anayeijua ile nchi.”

Mtu huyo alikuwa Hilma, mwanajiolojia wa Windhoek, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa mtu anayeiona tambarare kama ua wa nyumba yake. Walikutana naye mpakani, wakaenda pamoja: Profesa, Hilma, Victoire na Dismas, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyatazama majangwa kutoka angani tu na sasa alilalamikia jua kila walipoteremka garini.

Walipofika mahali penyewe, Victoire aliogopa. Hakukuwa na kitu. Mchanga ulinyooka kila upande mpaka macho yanachoka, na majani makavu machache yalikuwa yakitikisika. Kifaa cha kuonyesha mahali kilisema wamesimama juu ya ukingo wa duara. Miguu yao haikusikia ukingo wowote.

Wakachimba. Mchanga mkavu haupendi kuchimbwa. Kila ulichotoa kilirudi. Wakaweka mbao za kuzuia kuta, zikaanguka, wakaziweka tena. Shimo la kwanza lilifika kwenye changarawe ya kawaida, ya mto wa zamani. La pili vilevile. Dismas alikaa chini, kofia usoni. Hilma akasema labda wasogee upande wa mashariki, ambako picha ilionyesha mng’ao mkubwa zaidi, na Victoire akachukua jembe bila kusubiri mtu.

Shimo la tatu lilimfika kifuani alipogonga mwamba. Alipiga magoti, akaufagia kwa mikono. Haukuwa mwamba mmoja. Ulikuwa vipande vya kila namna, vyekundu na vya kijivu, vyenye kona kali, vimevurugwa na kushikamana kama vile kuna aliyevunja kila kitu na kukikanyagia pamoja. Aliendelea kufagia. Pembeni kikatokea kipande cha ukubwa wa kichwa, chenye mistari iliyotoka kwenye ncha moja na kutawanyika kama mkia wa farasi.

Victoire aliijua mistari ile. Alikuwa ameiona Vredefort, kasoko la kale kusini mwa Johannesburg, ambako Profesa hupeleka kila mwanafunzi mpya ili aiguse kwa vidole. Mwamba haupati mistari ya namna hiyo kwa volkano wala kwa tetemeko la kawaida. Unaipata unapopitiwa na kishindo kimoja kikubwa kupita vyote.

“Profesa!” aliita. Akaita tena. “Profesa, njoo.”

Profesa Moagi aliteremka shimoni kwa shida, Hilma akimshika mkono. Alipapasa jiwe lile upande huu na huu.

“Ni zuri,” Profesa alisema mwishoni. “Ni zuri sana. Lakini mimi na wewe tumeshawahi kupenda vitu vizuri. Tutangoja hadubini.”

Kwa hiyo walibeba mawe. Mpakani, afisa wa forodha alifungua sanduku baada ya sanduku, akauliza kama kweli wametoka Johannesburg mpaka jangwani kuchukua mawe. Hilma alikuwa amewapatia vibali vyote, na Dismas akaonyesha kimoja kimoja kwa fahari. Afisa alitikisa kichwa, akawaruhusu kupita na mawe yao.

Maabara ilikata mawe yale vipande vyembamba kuliko karatasi, mwanga ukapita. Kilichotakiwa kuonekana ni punje za kwatzi, lile jiwe jeupe linalojaa kwenye mchanga wa kila mahali, ila zikiwa zimejeruhiwa: ndani yake mistari myembamba sana, imenyooka, imepangana sambamba. Hakuna moto wala mgandamizo wa kawaida wa ardhi unaoweza kuichora. Ni alama ya kimondo peke yake.

Asubuhi vipande vilipokuwa tayari, Victoire aliketi kwenye hadubini, Profesa akiwa pembeni, akaangalia cha kwanza, hakuona mistari. Cha pili kilikuwa na mistari lakini imepinda, na aliyejifunza kwa chapati hasahau. Akakiweka kando. Kipande kilichofuata alikizungusha taratibu chini ya lenzi, punje ikawa nyeusi, ikawa nyeupe, na hapo akaiona. Mistari. Imenyooka kama imechanwa kwa kitana, na juu yake mingine imeikata kwa pembe nyingine. Akasogeza. Punje ya jirani nayo ilikuwa hivyo. Na ya jirani yake.

Alisimama, akampisha Profesa kiti.

Profesa Moagi aliinama kwenye hadubini, mkono mmoja ukisogeza kipande huku na huku. Alipoinua kichwa alikuwa hana miwani na macho yake yalikuwa yamelowa. Halafu mama yule mwenye sauti nzito, ambaye wanafunzi walimwogopa kwenye korido, akaweka kiganja mdomoni na kupiga vigelegele. Vigelegele vya harusini, vya mtaani, ndani ya maabara, mpaka watu wakatoka vyumbani kuuliza nani ameolewa.

“Hili,” aliwaambia, akimshika Victoire bega, “ni jiwe lililopigwa. Huyu ndiye aliyelileta.”

Kazi ilipitiwa na wataalamu wa nchi nyingine, ikahojiwa, ikarudishwa na maswali, ikajibiwa, ikakubaliwa. Siku ya kuitangaza ukumbi wa chuo ulijaa. Mamie alifunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akaja na wanawake wa kanisani wamevaa vikwembe, vitenge vya Kikongo, vya sare, wakakaa mstari wa mbele ambao kwa desturi ni wa maprofesa. Hakuna aliyethubutu kuwahamisha. Hilma alikuwa amesafiri kutoka Windhoek. Dismas alivaa suti, na jina lake lilikuwa la pili kwenye kazi ile, baada ya la Victoire.

Victoire alieleza kwa Kiingereza, bila haraka. Alianza na duara lake la kwanza, lile la volkano, akalionyesha kwenye skrini kwa ukubwa wote, na ukumbi ukacheka naye. Kisha akaweka picha za Namib moja baada ya nyingine: ukame, mvua, ukame. Mviringo ukaja, ukapotea, ukaja. Watu wakaanza kunong’onezana kabla hajamaliza.

Mgeni mmoja aliyetoka Ulaya aliuliza imekuwaje miaka yote hiyo, ndege zimepita, watu wamepita, na hakuna aliyekiona.

“Kwa sababu hakuna cha kuona,” Victoire alijibu. “Mimi nimesimama katikati yake kwa miguu yangu na sikujua kwamba nimesimama ndani ya kitu. Ilibidi tukitazame kutoka mbali sana, na tungoje kiangazi.”

Makofi yalianza nyuma yakafika mbele. Mamie hakungoja yaishe. Alisimama akaanzisha wimbo wa shukrani wa kanisani kwao, wenzake wakaupokea, na Profesa Moagi, asiyejua neno hata moja la wimbo huo, akaingia nao kwa kupiga makofi. Walimtoa Victoire ukumbini wakiwa wamemzunguka, wakashuka naye ngazi mpaka barabarani. Roboti, kama wanavyoiita huku taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Madereva wa teksi waliokuwa wamesimama walichungulia, wakadhani ni bibi harusi, wakaanza kupiga honi.

“Mwambieni, mwambieni!” Mamie alipaza sauti akimwelekea dereva wa karibu. “Mudogo yangu amepata shimo yake!”

“Amepata nini?” dereva akauliza kwa Kizulu, mmoja wa wanawake alipomtafsiria.

Victoire mwenyewe ndiye aliyemjibu, kwa Kizulu chake cha kuungaunga, kwamba ni shimo la jiwe lililoanguka kutoka kwenye nyota, mikono imeinuliwa juu na kikwembe cha dada yake kimefungwa mabegani. Roboti ikawa kijani. Hakuna gari lililoondoka.